Kundi la Tatu Lilikunywa Maji

Panya walishuka stesheni ya Tabora saa nane usiku,
thelathini, weupe, wakitokea Morogoro
kwenye kasha la mbao lililotobolewa matundu,
na mpagazi akaniuliza kama ni vifaranga.
Nikasema ndiyo. Ningeanzia wapi kumweleza?

Mzizi ulikuja kwa njia nyingine.
Mama mkubwa Nyanzala aliuchimba Ipole,
upande wa mashariki wa mti, kabla umande haujakauka,
akaufunga kwa kipande cha gome la mzinga mkuukuu,
akampa kijana wa pikipiki anayeleta asali mjini.
Jina hakulituma.
"Jina linataka miguu," alisema kwenye simu.
"Njoo ulichukue mwenyewe."
Daftarini nikaandika: M-14.

Tuliukausha kivulini, tukautwanga,
tukauloweka siku tatu kwenye spiriti
mpaka chumba chetu cha nyuma, pale Cheyo,
kikanuka kama mdomo wa mlevi aliyekula udongo.
Kisha tukawaumiza panya. Hili lazima niliseme wazi.
Tuliwanywesha panadoli, ile ile ya kichwa,
kwa kipimo cha kuliua ini polepole,
na siku ya pili masikio yao ya waridi
yakashika rangi ya barua ya zamani.

Kundi la kwanza: mzizi, kiasi cha kulowesha ulimi.
Kundi la pili: mara nne ya hicho.
Kundi la tatu: maji.

Mimi manjano nayajua kwa ndani.
Mwaka ule mvua zilipokatika mapema
tuliugua wote wawili, mimi na Mihayo,
macho kama maji ya kuoshea tumbaku,
mkojo kama chai iliyosahauliwa jikoni.
Mama mkubwa alichemsha chungu kimoja,
kata moja asubuhi, kata moja jioni,
kwangu na kwake.
Nilipona wiki ya tano.
Mihayo tulikuwa tumemzika wiki ya tatu.

Miaka ishirini na sita nimetembea na ushahidi nusu.
Nilipona kwa mzizi, au kwa siku tu kupita?
Alikufa kwa manjano, au kwa kata,
yeye mdogo, mimi mkubwa, kata ile ile?
Hapakuwa na wa tatu aliyekunywa maji
nikamwuliza.

Waliotuachia lugha hii hawakuwa na mashine,
lakini walisema uchungu hukata maini,
na jambo likiharibika limetumbukia nyongo.

Siku ya kumi na nne nilipasua.
Kundi la kwanza: maini saba kati ya kumi
mekundu ya kuiva, yakiteleza kidoleni.
Kundi la pili: wanne walikufa kabla ya kisu.
Na wale wa maji, sita maini yamepauka,
wanne wazima kabisa, hawajapewa kitu.
Dokta Kasubi alisimama nyuma yangu muda mrefu.
"Usiandike inaponya," akasema. "Andika huenda."

Jumapili nikaenda Ipole kulifuata jina.
Nikamwambia mama mkubwa yote,
hata wale wanne waliouawa na wingi wa dawa.
Alikuwa anabangua karanga; mikono haikusimama.
"Hao wa maji, walijua ni maji?"
Nikasema panya hawajui.
Alinyamaza mpaka ungo ukajaa.
"Kata ile," akasema, "watoto nilianza kuwapunguzia
mwaka ule ule.
Hakuna aliyeniuliza kwa nini."

Akajipangusa maganda, akatangulia porini.
Tulipoufikia mti alilitaja jina mara moja,
kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto
aingie ndani, giza limeingia.

Kalamu nilikuwa nayo.